Riwaya ya Alabama na Shajara ya Nyumba Yetu



Aghalabu mahali hapa huzungumzia nasaba zetu, barua za kale na picha za wazee waliotutangulia mbele ya haki. Leo nitazungumzia riwaya ya Kimarekani, na nawaomba mnivumilie, kwani mwisho wa safari ni mlangoni kwetu wenyewe.

Riwaya yenyewe ni To Kill a Mockingbird ya Bibi Harper Lee. Imeingia nyumbani kwetu kwa njia ya mjukuu wangu anayesoma Uingereza. Kwa miaka mingi kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mtihani wa sekondari huko, mpaka yalipotangazwa mabadiliko ya mtaala mwaka 2014, na riwaya za Kimarekani zikaondolewa katika mitihani ile. Hata hivyo skuli nyingi zimeendelea kukisomesha katika madarasa ya chini. Mwalimu aliwataka wanafunzi waandike insha juu ya chuki za rangi na kukua kwa mtoto. Mjukuu wangu, kwa kujua kwamba babu yake karani amestaafu na hana tena faili la kupanga, aliniomba tusome pamoja. Basi kila Ijumaa baada ya alasiri, yeye huko na mimi hapa Maskati, tukasoma kwa simu sura mbili tatu kwa wakati. Elimu yangu mimi ni ya chuoni, kisha ya skuli ya Kiswahili, kisha Kiarabu. Kiingereza changu ni cha ofisini. Lakini kitabu hakikunishinda, kwa sababu anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka macho yake ya utotoni, na lugha ya mtoto haina kilemba.

Kwanza niwajulisheni mwandishi na zama zake, maana kitabu kisichojulikana kilikotoka husomwa nusu. Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 Monroeville, mji mdogo wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na akafariki katika mji huohuo mwaka 2016. Baba yake alikuwa wakili. Riwaya yake ilitoka mwaka 1960, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1962 ikafanywa filamu ambamo Gregory Peck aliigiza kama wakili Atticus Finch. Mji wa hadithi unaitwa Maycomb, mji wa kubuni, nao umewekwa katika miaka ya thelathini, wakati wa ukata mkubwa, ambapo hata wakili alilipwa kuni na mboga na wakulima wasiokuwa na pesa.

Miaka hiyo ya thelathini haikuchaguliwa bure. Mwaka 1931, katika jimbo hilohilo la Alabama, vijana tisa weusi waliteremshwa kutoka garimoshi na kushtakiwa kwamba wamewanajisi wanawake wawili wa Kizungu. Haikupita hata miezi miwili wanane kati yao walikuwa wamekwishahukumiwa kifo na mabaraza ya watu weupe watupu. Baadaye mmoja wa wanawake wale aliyakana maneno yake mwenyewe. Kesi ile, inayojulikana kwa jina la mji wa Scottsboro, ilifika mara mbili katika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1935 mahakama hiyo ilisema wazi kwamba kuwazuia watu weusi wasikae katika mabaraza ya kuhukumu ni kinyume cha katiba. Na zama za kuandikwa kitabu nazo zilikuwa za moto: Desemba 1955, Montgomery, makao makuu ya Alabama, Bibi Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Kwa hiyo mwandishi alisimulia ya utoto wake ilhali chungu cha ukubwani mwake kinatokota jikoni.

Sasa hadithi yenyewe. Msimulizi ni Scout, msichana wa miaka sita mwanzoni, aliyefiwa na mama. Anaishi na kaka yake Jem, baba yao Atticus, na Calpurnia, mwanamke mweusi anayewapikia na kuwalea. Nusu ya kwanza inahusu jirani aitwaye Boo Radley, ambaye haonekani nje ya nyumba yake kwa miaka mingi, na watoto wamemzulia kila uovu: anakula kindi wabichi, anachungulia madirisha usiku. Nusu ya pili inahusu kesi ya Tom Robinson, kijana mweusi mwenye mke na watoto, aliyesingiziwa kumnajisi Mayella Ewell, binti wa Kizungu wa familia fukara kabisa.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini mwandishi amepoteza nusu ya kitabu kwa michezo ya watoto kabla ya kufika mahakamani. Ni swali jema, na ndilo mlango wa kuingilia. Watoto wale wanamhukumu Boo kwa uvumi, bila ya kumwona. Kisha kidogo kidogo wanakuta zawadi ndani ya tundu la mti: ubani wa kutafuna, senti za zamani, vinyago viwili vya sabuni vyenye sura zao wenyewe. Mtu waliyemfanya jini kumbe amekuwa akiwapenda kimyakimya. Wanapokuja kukaa mahakamani na kuwatazama watu wazima wakimhukumu Tom kwa uvumi vilevile, wao wamekwishapita njia hiyo na wameshajua inakoelekea. Nusu ya kwanza ndiyo darasa, na nusu ya pili ndiyo mtihani, na wanaofeli ni wazee.

Kesi imepangwa kwa ufundi wa mtu aliyekulia katika nyumba ya wakili. Uso wa Mayella ulikuwa na alama za kipigo upande wa kulia, kwa hiyo aliyempiga ametumia zaidi mkono wa kushoto. Baba yake, Bob Ewell, anapotakiwa aandike jina lake mbele ya hakimu, anaandika kwa mkono wa kushoto. Tom anapoambiwa asimame, watu wote wanaona kwamba mkono wake wa kushoto umelemaa. Uliliwa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto. Kwa macho ya sheria kesi imekwisha hapo. Hata hivyo baraza linakaa masaa na kurudi na neno la hatia. Baadaye Tom anapigwa risasi kumi na saba akijaribu kuruka ua wa gereza.

Lakini jambo lililomwangamiza Tom zaidi ya ushahidi wowote ni jawabu moja. Mwendesha mashtaka alimuuliza kwa nini alikuwa akimfanyia yule binti kazi bila ya malipo. Tom akajibu kwa uaminifu kwamba alimwonea huruma. Chumba kizima kikachafuka. Hapo nilimsimamisha mjukuu wangu tukalifikiri neno huruma. Katika desturi ya watu wale, huruma ilikuwa maji yanayoteremka: mkubwa humhurumia mdogo, tajiri humhurumia maskini, mweupe humhurumia mweusi. Mtu mweusi aliyemhurumia binti wa Kizungu alikuwa amejiweka juu yake, walau kwa dakika ile. Wangeweza kumsamehe kwa wizi. Kwa huruma hawakumsamehe. Atakayeielewa nukta hii ameielewa riwaya, na ameelewa kwamba ubaguzi si suala la kuchukia tu. Ni suala la kila mtu kuambiwa ngazi yake, na kuadhibiwa akionekana kwenye ngazi nyingine.

Jina la kitabu nalo lilitusumbua. Ndege aliyetajwa hayupo katika nchi zetu. Ni ndege wa Marekani mwenye kipaji cha kuiga sauti za ndege wengine. Atticus anapowapa wanawe bunduki za kuchezea anawaonya kwamba kumpiga ndege huyo ni dhambi, na jirani yao anawaeleza sababu: hali mazao, haharibu bustani, kazi yake ni kuwaimbia watu. Mfasiri wa Kiarabu amekwepa jina la ndege na kumwita ndege asiye na hatia. Mjukuu wangu aliniuliza mimi ningemwitaje kwa Kiswahili. Nilimfikiria kurumbiza, anayesifiwa kwa sauti yake. Chiriku hafai, maana kwetu ni mfano wa mtu mropokaji. Na kunguru hatumtii hata katika hesabu. Hatukupata jina la kuturidhisha, tukaendelea mbele.

Neno lililotushughulisha zaidi lilikuwa jingine. Nilitaka kumweleza Atticus ni mtu wa namna gani, nikasema: huyu ni muungwana. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani, akataka maana. Nikamwambia mtu mwenye adabu, mpole, mwenye kauli njema. Kisha nikanyamaza, kwa sababu karani hawezi kuficha asili ya neno. Zamani katika pwani yetu muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Tabia njema tuliipa jina la aliyekuwa hana bwana, na kwa kufanya hivyo tukasema, bila ya kusema, kwamba mtumwa hana adabu ya kuzaliwa nayo. Na neno ustaarabu, tunalolitumia kwa maendeleo na utu mwema, kwa Kiarabu chake ni kujifanya au kuwa Mwarabu. Sisemi tuyatupe maneno haya. Yamekwishasafiri mbali na yalikotoka, na kila siku yanatumiwa na watu wema wa kila asili. Nasema tu kwamba anayesoma kitabu cha ubaguzi wa Alabama kwa lugha ya Kiswahili anakisoma kwa lugha yenye makovu yake.

Sasa nafika mahali ambapo riwaya ilitutazama machoni. Yumo humo mtu aitwaye Dolphus Raymond, Mzungu mwenye ardhi, anayeishi na mwanamke mweusi na amezaa naye. Hutembea na chupa ndani ya mfuko wa karatasi, na mji mzima huamini kwamba ni mlevi. Kumbe ndani mna Coca-Cola. Anajifanya mlevi ili watu wapate sababu ya maisha yake, maana hawawezi kukubali kwamba ameyachagua kwa hiari. Jem anamweleza mdogo wake habari za watoto wa mtu huyu: weusi hawawataki kwa kuwa ni nusu weupe, na weupe hawawataki kwa kuwa ni nusu weusi, hawana pahala. Raymond asingeweza kumuoa mwanamke yule hata angetaka. Sheria ya Alabama ilikataza. Ndoa za namna hiyo zilihalalishwa katika nchi yote na Mahakama Kuu mwaka 1967, na maneno ya katazo yaliendelea kukaa ndani ya katiba ya Alabama hadi yalipofutwa mwaka 2000.

Mjukuu wangu aliuliza: "Babu, na kwetu ilikuwaje?"

Nilimweleza kama nilivyosoma kwa mashekhe na vitabuni. Katika makoloni ya Marekani, kuanzia sheria ya Virginia ya mwaka 1662, mtoto alifuata hali ya mama yake. Bwana akizaa na mtumwa wake, mtoto ni mtumwa, na baba anaweza kumuuza mwanawe sokoni. Katika sheria yetu ilikuwa kinyume. Mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni huru tangu tumboni. Hubeba nasaba ya baba na kurithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Na mama yake haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha walikuwa wa masuria, na miongoni mwao wakatoka Majid na Barghash waliotawala Zanzibar, na Salme aliyeandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka 1886.

Mtoto alifurahi sana. "Kwa hivyo sisi tulikuwa bora kuliko wao!"

Nikamwambia asubiri kidogo, mwanangu. Sheria ile ilimpa mtoto baba yake, na hilo si dogo. Lakini tazama shajara yetu iliyotundikwa ukumbini kwa mama yako: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kijiji cha Omani ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa. Hesabu wanawake. Alihesabu, na hakupata hata mmoja. Miaka thelathini nimefanya kazi ya kuandika majina ya watu katika madaftari na fomu, na kila fomu ilitaka jina la baba na jina la babu. Watu walijibu bila ya kufikiri, nami nikaandika bila ya kuinua kichwa. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Huko Alabama mtoto alipoteza baba, na kwetu mtoto alipoteza mama. Mama huyo mara nyingi alikuwa mwanamke mweusi aliyeletwa kutoka bara bila ya ridhaa yake. Sifa ya sheria isitufumbe macho tusimwone.

Mama wa babu yangu alikuwa suria. Wakubwa wa familia wanajua. Wadogo wengi wanasoma hapa kwa mara ya kwanza. Alikuwa katika shamba la mikarafuu Unguja, na wazee wakisema kwao ni Unyasa. Amri ya Sultani ya mwaka 1897 ilifuta hali ya utumwa kisheria visiwani, lakini iliwaacha nje masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Babu yangu alizaliwa kabla ya amri ile ya kwanza, na ilipokuja hii ya pili alikwishabaleghe, bwana wa mama yake akiwa bado hai. Kwa maneno mengine, babu yangu, muungwana na mwana wa muungwana, alihitimu Kurani ilhali mama yake mzazi hana haki ya kutoka mlangoni kwa hiari yake.

Baba yangu alimkuta akiwa bibi kizee. Baba alizaliwa karibu na mwaka aliozaliwa Harper Lee, kwa hiyo katika zile siku ambazo Scout wa riwaya anakaa juu roshani ya watu weusi mahakamani, yeye alikuwa mtoto wa umri uleule, akilala juu ya mapaja ya bibi yake huko shamba. Alitusimulia mambo mawili juu yake, na aliyarudia mpaka uzeeni. La kwanza ni kwamba wageni kutoka Arabuni walipokuja, hutandikwa jamvi barazani na kuletewa kahawa, na bibi huyu hupita mlango wa uani. Nyumba ilikuwa ya mwanawe mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru, alikuwa anajua. La pili ni kwamba alipokuwa anatwanga peke yake, alidhani hapana anayemsikia, huimba kwa lugha ya kwao. Baba aliisikia, akaishika sauti, maneno hakuyajua. Akiingia mtu, wimbo hukatika na Kiswahili hurudi.

Ndiyo maana sura ya kumi na mbili ya riwaya ilinishika kuliko kesi. Calpurnia anawachukua watoto wa Atticus kanisani kwake siku ya Jumapili. Huko wanagundua kwamba mwanamke waliyemwona kila siku jikoni ana mtoto mtu mzima, ana marafiki, ana historia, na anasema kwa namna nyingine kabisa akiwa na watu wake. Scout anastaajabu kwamba Calpurnia ana maisha nje ya nyumba yao. Mwanawe, Zeebo, ndiye anayesoma nyimbo mstari kwa mstari na kanisa zima likafuatisha, kwa sababu wengi wao hawakufundishwa kusoma. Calpurnia anawaeleza watoto kwamba kusema kizungu kanisani kungewakera watu wake. Mtu wa lugha mbili hujua lini afunge mlango upi. Bibi yetu alijua, na mlango mmoja akaufunga hata kwa wajukuu zake.

Wahakiki wamekilaumu kitabu hiki, nami nilimfundisha mjukuu wangu asiogope lawama hizo. Wako waliokikataa kwa sababu mbovu: mwaka 1966 wilaya ya Hanover, Virginia, ilikitoa maskulini kwa kukiita kitabu kisicho na maadili. Wako wenye sababu ya kusikilizwa: mwaka 2017 skuli za Biloxi, Mississippi, zilikitoa darasani kwa kuwa lugha yake, yenye lile tusi la watu weusi mara nyingi, iliwaumiza waliosoma. Na wako wanaosema, na hapa ndipo penye uzito, kwamba katika riwaya hii mtu mweusi ni wa kutetewa, kuhurumiwa na kufa. Shujaa ni Mzungu. Tom husema hasa pale anapoulizwa. Tunamwona Calpurnia mikono yake, hatujui alilala na mawazo gani usiku ule wa hukumu.

Harper Lee mwenyewe alikuwa amekwishaligusa jambo hili. Ile riwaya yake nyingine, Go Set a Watchman, iliyotoka mwaka 2015 lakini iliyoandikwa kabla, inamwonesha Scout akiwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amerudi nyumbani na kumkuta baba yake akikaa katika mkutano wa watu wanaopinga haki za weusi. Anakwenda kumtembelea Calpurnia aliyezeeka, na Calpurnia anampokea kama mgeni, kwa adabu iliyo baridi. Binti anamuuliza kama alikuwa akiwachukia miaka yote ile. Calpurnia anatikisa kichwa tu. Wengi wanaona jawabu hilo linafariji. Mimi sioni hivyo. Aliyelelewa ndiye anayeuliza, na anauliza akiwa amechelewa miaka ishirini.

Katika nyumba zetu limezoeleka neno: "Alikuwa kama mmoja wetu." Mlisikie hilo "kama". Lingekuwa kweli, lisingehitajika. Mama wa babu yangu hakuwa kama mmoja wetu. Sisi ndio tulitoka kwake.

Na kuna sura nyingine ya riwaya ambayo ningependa isomwe kila penye kikao cha posa. Mwalimu wa Scout anawaeleza wanafunzi uovu wa Hitler wa kuwatesa Mayahudi, na uso umemwiva kwa hasira ya haki. Lakini Scout alimsikia mwalimu huyohuyo akitoka mahakamani na kusema kwamba ni wakati weusi wafunzwe adabu. Mtoto hawezi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Sisi tuliotawanyika duniani twajua uchungu wa kubaguliwa: wengine tumeulizwa Omani kwa nini Kiarabu chetu kina ladha ya pwani, wengine wameambiwa barabarani Uingereza warudi kwao. Tunalalamika, na ni haki yetu. Kisha akija kijana mcha Mungu, mwenye elimu na kazi, kumposa binti yetu, swali la kwanza ni asili yake. Miaka michache iliyopita posa moja katika ukoo wetu mpana ilirudishwa kwa kisa hicho, kwa jina la kafaa. Nilikuwapo na nilisema, wala sikusikilizwa. Niliyoyasema nayaandika hapa: wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kafaa, na wako walioiweka katika dini na tabia. Na sisi tuliomrudisha kijana yule kwa ajili ya bibi yake tuna bibi wa namna ileile, ila wa kwetu tumemfuta.

Shangazi yangu, Mungu ampe umri, hakupenda niandike haya. Aliniambia: "Mwanangu, aliyesitiriwa mwachie sitara yake." Nilimjibu kwa heshima kwamba sitara huwekwa juu ya aibu ya mtu, na mama huyu hakutenda aibu, aliyetendewa hasitiriwi kama mtenda. Tulizungumza jioni mbili. Tumekubaliana kwamba jina lake litaandikwa katika shajara ya nyumbani, juu ya jina la babu, kwa wino uleule na herufi za ukubwa uleule, na kwamba hapa hadharani nisilitaje. Nimetimiza ahadi. Nitasema tu kwamba ni lile aina ya jina ambalo mabwana waliwapa wajakazi wao, jina la kitu kizuri, kama Zafarani, Faida au Bahati. Jina alilopewa na mama yake halijulikani. Katika shajara nimeliachia nafasi, nikapiga mstari mdogo, kama tulivyofanya ofisini pale palipokuwa na jambo la kujazwa.

Mjukuu wangu aliandika insha yake. Mwalimu alitarajia, nadhani, kusoma habari za ushujaa wa Atticus. Yeye ameandika juu ya Calpurnia, na hoja yake ni kwamba kukua kwa Scout hakukuanzia mahakamani. Kumeanzia siku alipojua kwamba mtu anayempikia ana kwao. Nilimsaidia katika jambo moja tu, nalo ni kumwonya asiandike kwamba watu wa Maycomb walikuwa wabaya. Walikuwa wakarimu, wakipelekeana vyakula palipo na msiba, wakijua nasaba za kila mtu mpaka mjukuu wa tatu. Walifanana na sisi. Ndilo jambo la kutisha ndani ya kitabu kile, na ndilo linalokifanya kistahili kusomwa na mtoto wa kwetu.

Nina ombi kwenu, jamaa zangu. Kila anayekumbuka jina la mama wa babu yake, au la mama wa bibi yake, aniletee, hata likiwa nusu, hata likiwa la kupanga tu. Mwenye kukumbuka wimbo, neno la Kinyasa, la Kiyao, la Kimanyema au la Kizaramo lililotamkwa jikoni na mtu mzima wa nyumba yenu, naye aniletee. Wakubwa wanaondoka, na kila anayeondoka huenda na majina kumi. Mimi nina daftari, nina wakati, na mwandiko wangu bado unasomeka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuzaa wote, waliotajwa na wasiotajwa. Wabillahi taufiki.